Kipimo cha Haraka cha VVU na Hofu ya Kujulikana

Mtu anapofika kupima VVU, mara chache sana huwa anaogopa kuchomwa kidole. Kwa muda niliokaa katika kazi ya ushauri nasaha nimepokea wachumba wanaojiandaa kuoana, kina mama wajawazito, wazee waliofiwa na wenza wao na vijana waliokesha wakihesabu siku tangu tukio fulani, na wengi wao wangekubali kuchomwa hata mara tatu endapo wangehakikishiwa kwamba majibu yatabaki humo chumbani. Maswali yao ya kwanza huhusu daftari. Jina langu linaandikwa wapi? Analisoma nani? Yule dada wa mapokezi anajua nimekuja kufanya nini? Nikitoka macho yamevimba, waliokaa kwenye benchi la nje hawataelewa? Ugonjwa wenyewe huulizwa baadaye, tena kwa sauti ya chini.

Nalisema hili mapema kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kipimo cha haraka husifu kasi yake, na kasi hiyo inastahili sifa, lakini huishia hapo. Majibu yameharakishwa, moyo wa anayeyapokea haujaharakishwa. Kwa maoni yangu, yale yanayozungumzwa kabla tone la damu halijatolewa ndiyo huamua kama mtu ataweza kuyafanyia kazi majibu yake au yatamwangusha, na hayo ndiyo yanayopunguzwa kwanza foleni inapokuwa ndefu.

Ni vizuri kukumbuka hali ilivyokuwa. Virusi vyenyewe vilitambuliwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1983, na kipimo cha kwanza cha damu kikaidhinishwa nchini Marekani mwaka 1985, lengo lake la awali likiwa kukagua damu ya kuongezewa wagonjwa. Kipimo hicho kilihitaji maabara, mashine na wataalamu, kwa hiyo mtu alitolewa damu mshipani kisha akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa. Wengi hawakurudi. Mamlaka za afya za Marekani zilieleza kwamba mwaka 2000, kati ya watu waliokutwa na maambukizi katika vituo vilivyogharamiwa na serikali, asilimia 31 hawakurudi kuchukua majibu yao. Karibu mtu mmoja kati ya watatu alikuwa na majibu yake yamekaa kwenye jalada, naye akiendelea na maisha bila kujua. Sidhani kwamba watu hao walikuwa wazembe. Siku saba ni muda mrefu wa kuwaza, na anayewaza peke yake huzipata sababu nyingi za kutorudi.

Mwezi Novemba 2002 nchi hiyo iliidhinisha kipimo kilichotumia tone la damu ya kidole na kutoa majibu ndani ya dakika 20 hivi, na leo vipimo vya aina hiyo hutumika duniani kote, hata mahali pasipo na umeme wala jokofu. Tatizo la watu kupotea kabla ya kupata majibu lilipungua sana. Lakini mzigo wa zile siku saba haukutoweka. Ulikusanywa ukawekwa ndani ya dakika 15 au 20 za kukaa kwenye kiti mbele ya mtu usiyemfahamu. Zamani aliyeogopa aliweza kukimbia kimya kimya. Sasa majibu yanatokea yeye akiwa amekaa hapo hapo, akiwa bado amebana pamba kwenye kidole.

Dakika hizo nimeziona kwa karibu mno. Mtu huanza kwa kukiangalia kile kifaa kidogo cha plastiki, akiifuata rangi inavyopanda taratibu kwenye kidirisha chake, kisha huacha kukiangalia na kuanza kuniangalia mimi. Hunisoma uso. Nikikohoa anashtuka, nikiandika kitu kwenye fomu anadhani nimeshaona jambo. Mama mmoja aliniomba niligeuze kasha la vipimo ili maandishi yasimkabili, akasema, "Nisomee wewe, mwanangu, mimi macho yangu hayataki." Kijana mwingine aliomba kinyume chake: alitaka kukiinamia kifaa mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakutaka mtu mwingine ajue kabla yake hata kwa sekunde moja. Wote wawili walikuwa na haki. Mhudumu anayejua kazi yake huuliza mapema, kabla ya kuchoma kidole: ungependa tuzitumieje hizi dakika, tuzungumze, tunyamaze, utoke nje kidogo? Swali hilo halichukui muda, na humrudishia mtu sehemu ya madaraka ambayo hofu imemnyang'anya.

Wapo wanaokitilia kipimo shaka kwa sababu tu ni chepesi. Husema kwamba ugonjwa mzito namna hiyo hauwezi kugunduliwa na kitu kinachoshikwa kwa vidole viwili. Shaka hiyo sipendi kuipuuza, kwa sababu huondoka mtu akielezwa kinachotokea. Ndani ya kifaa mna utepe unaonyonya majimaji, kama utambi unavyonyonya mafuta. Damu ikichanganywa na matone ya dawa yake husafiri juu ya utepe huo ikibeba chembe ndogo sana zenye rangi. Mahali fulani kwenye utepe wamebandika vipande vya protini vinavyofanana na vya virusi. Mwili uliokwisha kupambana na VVU huwa umetengeneza kingamwili dhidi yake, na kingamwili hizo zikipita pale hunasa, chembe za rangi hukusanyika, na mstari huonekana. Mbele kidogo pana mstari mwingine wa uthibitisho, ambao lazima utokee kwa kila mtu, awe na maambukizi au asiwe nayo. Huo usipotokea, kipimo kimeharibika na majibu yake hayana maana yoyote, hata kama ule mstari mwingine umetokea.

Kwa hiyo mstari mmoja wa uthibitisho peke yake maana yake ni hasi, na mistari miwili maana yake ni kwamba kingamwili zimeonekana. Mstari hafifu nao ni mstari. Hapo ndipo watu wengi hujidanganya au hutafuta wa kuwadanganya: wanasema umefifia mno kuwa kweli, labda ni kivuli, labda ni mwanga wa chumba. Hata ukionekana kwa shida, huhesabiwa, na hatua inayofuata ni kupima tena kwa kipimo kingine. Muda wa kusoma nao hauna mjadala. Kila aina ya kipimo ina dakika zake zilizoandikwa kwenye maelezo, na anayekisoma kabla ya wakati, au anayekiokota kutoka kwenye pipa la taka kesho yake akaona mstari ambao jana haukuwapo, hajasoma majibu ya kuaminika.

Kipimo cha majimaji ya kinywani ndicho kinacholeta mkanganyiko mkubwa zaidi. Watu wakiona kijiti kinapitishwa kwenye fizi hudhani kwamba mate yana virusi, na hofu ya miaka mingi iliyopita, ile ya kutochangia kikombe, hurudi kwa kishindo. Kijiti hicho hakitafuti virusi. Kinakusanya kingamwili zinazochuruzika kutoka kwenye ufizi, na mate hayaambukizi VVU. Nimemsikia mwanamume akisema kwamba baada ya kuona kipimo hicho aliacha kumbusu mwanawe mchanga. Nilitamani aliyempa kifaa angetumia dakika mbili tu kumweleza, kwa sababu mtoto yule alikoseshwa busu la baba bila sababu yoyote.

Usahihi wa kipimo cha kinywani pia unafaa kuelezwa bila kupaka rangi. Kile kilichoidhinishwa Marekani mwezi Julai 2012 kwa matumizi ya nyumbani kilipofanyiwa majaribio mikononi mwa watu wa kawaida, kilikadiriwa kumkosa takriban mtu mmoja kati ya kila 12 wenye maambukizi, na kumwonyesha kimakosa takriban mtu mmoja kati ya kila 5,000 wasio nayo. Hayo ni matokeo mazuri kwa kifaa kinachotumiwa na mtu asiye na mafunzo. Hata hivyo, yule mmoja kati ya 12 ni mtu kamili, na anastahili kujua kwamba jibu hasi la kijiti, hasa baada ya tukio la karibuni, si hati ya kumaliza mjadala.

Karibuni ni lini? Hilo ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwavunja moyo watu waliokuja mbio. Mwili huhitaji muda kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Vipimo vingi vya haraka vinavyotafuta kingamwili peke yake huweza kuhitaji hadi siku 90 tangu tukio ili jibu hasi lihesabiwe kuwa la uhakika, ingawa kwa watu wengi kingamwili huonekana mapema zaidi. Vipimo vya maabara vinavyotafuta pia protini ya virusi iitwayo p24 hufupisha muda huo hadi wiki kadhaa, lakini havioni kilichotokea jana. Kijana anayekuja asubuhi kwa sababu ya jambo la usiku uliopita, akapimwa, akaambiwa ni hasi na kurudi nyumbani akishangilia, ametapeliwa na kasi ya kipimo. Jibu lake linazungumzia miezi iliyopita. Kilichotakiwa kuzungumzwa naye kwanza ni dawa za kinga za dharura, ambazo huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Kila saa inayopotea kwenye foleni ya kipimo bila mtu yeyote kuzitaja dawa hizo inamgharimu.

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao huwatesa watu kimya kimya: mstari wa pili unaotokea kwa mtu asiye na maambukizi. Tufanye hesabu ya mfano. Chukua watu 1,000 wa mahali ambapo maambukizi ni machache, tuseme ana VVU mtu mmoja tu kati yao, kisha tumia kipimo kizuri sana ambacho hukosea kwa watu wawili tu katika kila 1,000 wasio na maambukizi. Kipimo kitamwona yule mmoja, na kitawaonyesha wengine wawili kimakosa. Watu watatu watakuwa na mistari miwili, na wawili kati yao hawana virusi. Kifaa ni kile kile, ubora ni ule ule. Maambukizi yanapokuwa machache, uzito wa mstari wa pili hupungua. Ndiyo maana kipimo kimoja cha haraka hakitoshi kumwambia mtu kwamba ana VVU, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeshauri nchi zote zitumie vipimo vitatu tofauti mfululizo vyenye kuafikiana kabla ya kutoa jibu la kuwa na maambukizi. Mtu aliyejipima nyumbani na kuona mistari miwili hajamaliza kupimwa. Ndiyo kwanza ameanza.

Hili nalisisitiza kwa sababu ya wanaojipima wenyewe, na hao wanaongezeka. Mwezi Desemba 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupendekeza kujipima kama njia mojawapo rasmi ya upimaji. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano makali: wataalamu wengi walidhani watu wangevikosea vifaa, wangejidhuru, au wangelazimishana. Utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2011 ulisaidia kupunguza hofu hizo. Wakazi walionyeshwa kwa ufupi namna ya kutumia kijiti cha kinywani na kupewa maelezo yenye picha, na zaidi ya tisa kati ya kumi walichagua kujipima. Karibu wote walisema ni rahisi sana, na majibu waliyosoma yalikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini mmoja kati ya kumi alifanya makosa madogo ya utaratibu, na mmoja kati ya kumi alihitaji msaada wa ziada. Takwimu hizo nazipenda kwa sababu hazisemi kwamba watu hawawezi, na wala hazisemi kwamba hawahitaji mtu wa kuwauliza.

Kwa anayeogopa kujulikana, kujipima ni faraja kubwa. Hakuna benchi, hakuna daftari, hakuna jirani anayepita na kuuliza umekuja kufanya nini. Wanaume, ambao huduma nyingi za afya huwapata kwa shida, hukubali njia hii kwa urahisi zaidi, na vivyo hivyo vijana na watu ambao wakifika kituoni hutazamwa kwa jicho la hukumu kutokana na kazi zao au namna wanavyopenda. Sina shaka kwamba wako watu walio hai leo kwa sababu waliweza kujua hali yao nyuma ya mlango uliofungwa.

Hata hivyo mlango uliofungwa humfungia mtu ndani pamoja na majibu yake. Dada mmoja alinisimulia kwamba alijipima usiku wa manane ili asionekane, akaona mistari miwili, akakaa sakafuni mpaka alfajiri akiwa na simu mkononi bila kumpigia mtu yeyote. Hakuwa na namba ya kupiga. Maelezo yaliyokuja na kifaa yalimwambia afike kituo cha afya, lakini hayakumwambia kwamba jibu lile lilihitaji kuthibitishwa, wala kwamba kuna watu wanaolala na kuamka na virusi hivyo kwa miongo kadhaa wakiwa na afya njema. Alikuja siku nyingi baadaye. Nilipomuuliza ni nini kilimchelewesha, alisema alikuwa akijifunza kwanza kutembea mbele za watu bila uso wake kumsaliti.

Tena nyumbani si mahali salama kwa kila mtu. Katika mipango mingi ya kujipima, mama mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa kifaa ampelekee mumewe, na mara nyingi hilo hufanikiwa vizuri sana. Lakini kifaa kinapokabidhiwa mezani bila maneno ya kutosha, huweza kusikika kama tuhuma. "Unanishuku?" ni swali ambalo limevunja mazungumzo mengi kabla hayajaanza. Mama anapaswa kuulizwa kwa faragha kama kukipeleka kifaa kutamletea kipigo au kufukuzwa, na akisema ndiyo, asipewe jukumu hilo. Hali kadhalika, mwajiri hana haki ya kumpima mfanyakazi, mzazi hana haki ya kumvizia kijana wake, na mwenza hana haki ya kumsimamia mwenzake kwa vitisho mpaka apitishe kijiti kinywani. Mwongozo wa kimataifa unataka ridhaa na usiri katika kila upimaji, na upimaji wa kulazimishwa haukubaliki hata anayelazimisha akidai anafanya hivyo kwa upendo.

Hapo hapo kwenye ndoa pana kosa jingine ambalo mimi hulikuta karibu kila wiki. Mwanamume husema, "Mke wangu alipima kliniki, yuko sawa, basi nami niko sawa." Si hivyo. VVU haviambukizi kwa kila tendo, na wapo wenza wengi ambao mmoja ana maambukizi na mwingine hana, wakati mwingine kwa miaka. Majibu ya mke ni ya mke. Ajabu ni kwamba wanaume hao hao hukubali bila ubishi kwamba shinikizo la damu la mke haliwezi kupimwa kwenye mkono wa mume. Nadhani wanachokitafuta ni njia ya kupata nafuu bila kupita kwenye zile dakika 15, na siwezi kuwalaumu kwa kuziogopa, lakini nafuu hiyo haina msingi.

Sasa nije kwa watu ambao huzungumzwa kidogo sana, wale wenye majibu hasi ambayo hayawatulizi. Mtu anapima, anaambiwa hana maambukizi, muda wa dirisha, yaani zile siku za kusubiri kingamwili zionekane, umekwisha kupita, hakuna tukio jipya, na wiki mbili baadaye anarudi. Anapima kituo kingine kwa jina jingine. Ananunua kifaa, anajipima, anapiga picha ya mstari mmoja na kuikuza kwenye simu ili atafute kivuli cha wa pili. Kila homa kwake ni dalili, kila kipele ni ushahidi. Watu hawa wakati mwingine huchekwa na wahudumu, jambo linaloniudhi sana, kwa sababu mateso yao ni ya kweli kabisa ingawa virusi havipo. Mara nyingi nimekuta nyuma ya hofu hiyo kuna jambo ambalo kipimo hakiwezi kulifikia: majuto ya usaliti, kubakwa ambako hakujawahi kutamkwa, malezi yaliyofundisha kwamba ugonjwa ni adhabu na kwamba adhabu lazima ifike. Kumpa mtu huyo kipimo kingine ni kumpa nafuu ya siku tatu. Anachohitaji ni kuambiwa wazi kwamba upande wa damu umekamilika, kisha akutanishwe na mtu mwenye ujuzi wa afya ya akili, bila kuonyeshwa kwamba amefukuzwa.

Na kwa upande mwingine wako ambao jibu hasi linaweza kuwapotosha kwa sababu tofauti. Mtu aliyekwisha kuanza dawa za kufubaza virusi akipimwa kwa kipimo cha haraka, hasa cha kinywani, anaweza kuonekana hasi kwa kuwa kingamwili zake zimepungua. Wapo walioshawishiwa na jambo hilo kwamba wamepona, wakaacha dawa, na virusi vikarudi kwa nguvu. Aliye kwenye dawa hatakiwi kujipima tena. Kwake kipimo chenye maana ni cha wingi wa virusi. Watoto wachanga nao wana utaratibu wao: mtoto aliye chini ya miezi 18 hubeba kingamwili za mama yake, hivyo kipimo cha kingamwili hakiwezi kuthibitisha kama yeye mwenyewe ana maambukizi, na hupimwa kwa njia ya kutafuta vinasaba vya virusi.

Kiini cha hofu ya kujulikana ni imani kwamba baada ya mistari miwili hakuna maisha. Imani hiyo ilijengwa katika miaka ambayo ilikuwa kweli, na waliozika ndugu zao miaka ya 1990 hawawezi kuifuta kwa kuambiwa tu wasiogope. Ndiyo maana napendelea kuyasema mambo haya kabla ya kupima, wakati masikio bado yanasikia. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga ishuke, na tangu mwaka 2017 linashauri kwamba aliye tayari apewe nafasi ya kuanza siku ile ile ya kuthibitishwa. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa kumwambukiza mwenza. Tafiti zilizofuata, ambazo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 na 2019, ziliwafuatilia wenza ambao mmoja alikuwa na VVU vilivyofubazwa na walijamiiana bila kondomu. Hakukupatikana hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo. Anayetumia dawa vizuri na virusi vyake vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana.

Nimeona mabega ya watu yakishuka wanaposikia hayo. Wengine hukasirika, na hasira yao naielewa: kwa nini hakuna aliyewaambia mapema? Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 watu wapatao milioni 39.9 duniani walikuwa wakiishi na VVU, na takriban milioni 5.4 kati yao hawakujua. Sioni kwamba wote hao wanakosa kifaa. Wengi wamekaa mbali na kifaa kwa sababu picha waliyo nayo kichwani ni ya mwaka ambao dawa hazikuwepo.

Kwa hiyo ninapoulizwa na mtu kama ajipime nyumbani au aje kituoni, sina jibu moja kwa wote. Humuuliza kwanza ni nini hasa anachokiogopa. Akiogopa macho ya watu, namwambia ajipime, lakini achague asubuhi ya siku ambayo kituo cha afya kimefunguliwa na hana shughuli ya lazima mchana wake, aangalie tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti, na asile wala kunywa kitu kwa angalau dakika 15 kabla kama ni kipimo cha kinywani. Aandike pembeni namba ya mtu mmoja anayemwamini au ya mhudumu, aiandike kabla ya kufungua pakiti, si baada. Akiogopa kuwa peke yake, namwambia aje, na akipenda aje na mtu. Akiwa na mwenza anayetaka kupima naye, basi waje pamoja na wapokee majibu pamoja, wakiwa wamekwisha kukubaliana watafanya nini yakiwa tofauti. Na asiyekuwa tayari leo simsukumi. Namweleza kuhusu dawa, namweleza kuhusu saa 72, namwonyesha saa tunazofungua, na namwambia kwamba akirudi hatalazimika kutaja alikuja lini mara ya kwanza.